Saa ya Babu na Feri ya Asubuhi

Mwaka jana, siku ya kufungua shule, nilifika gatini Luanda Kotieno nikiwa na sanduku kichwani na saa ya babu mkononi. Kwa saa ile, zilikuwa zimebaki dakika nne feri ya Mbita iondoke. Lo! Feri ilikuwa imeshafika mbali ziwani. Kuzunguka kwa barabara kupitia Kisumu na Homa Bay ni safari ndefu, na nauli hiyo sikuwa nayo. Nilivuka kesho yake, karatasi ya Hisabati ikiwa imeshanipita. Nikaandikiwa sufuri.

Baba akasema saa hiyo ni takataka, itupwe. Babu alinuna siku mbili. Mimi nikaamua kuichunguza.

Saa ya babu ni ya kutia ufunguo, haina betri. Ukiizungusha ufunguo unaikaza kamani iliyo ndani, nayo ikifunguka polepole husukuma magurudumu. Mwendo wake hutawaliwa na gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, likirudishwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Saa nyingi za namna hii hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Hebu fikiria kazi hiyo!

Likizo iliyofuata, kila jioni saa moja kamili, niliilinganisha na simu ya baba, ambayo hupata saa yake kutoka kwa mtandao. (Enzi zake babu alitegea milio sita ya BBC redioni, akirekebisha kwenye ule wa sita.) Jirani yetu mvuvi wa omena alinicheka, akasema nitazame jua likiwa utosini. Nilimweleza kwamba saa ya Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu nyuzi 34, kwa hiyo jua letu hufika utosini kama dakika 43 baada ya saa sita. Hakuniamini hata kidogo.

Juma la kwanza, saa ikilala chali mezani usiku, ilibaki nyuma dakika 2 na sekunde 34, yaani sekunde 22 kwa siku. Juma la pili niliisimamisha kwa ubavu usiku. Ikabaki nyuma sekunde 14 tu kwa siku! Kumbe mkao wake una maneno, kwa sababu uzito huvuta lile gurudumu tofauti. Joto pia huibadilisha, na ukiiweka karibu na sumaku ya spika inaweza kukimbia mbele dakika nyingi. Ndiyo maana shirika la COSC la Uswisi hupima saa kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na hukubali wastani wa kubaki nyuma sekunde 4 hadi kutangulia sekunde 6 kwa siku.

Sasa piga hesabu. Siku moja ina sekunde 86,400. Kukosea 22 ni kupata asilimia 99.97, alama ambayo hakuna darasani kwetu aliyewahi kuipata. Lakini babu aliitia ufunguo kila asubuhi likizo nzima, siku 28, na hakuna aliyeirekebisha. Mara 28 ni sekunde 616, zaidi ya dakika kumi. Feri yangu iliondokea humo.

Nilimpelekea fundi mmoja wa saa mjini Kisumu. Alisoma daftari langu, akasema, "Kijana, inayobaki nyuma 22 kila siku si mbovu. Mbovu ni ile ya tano leo, arobaini kesho." Akasogeza kiwenzo kidogo ndani yake, upana wa unywele hivi, akanirudishia.

Siku hizi inatangulia. Jumamosi iliyopita, nilipoirekebisha, ilikuwa mbele sekunde 41 kwa juma zima. Babu bado anadai ni simu ya baba iliyochelewa.