Kwa nini mubashara haituachi tulale?

Ndugu msomaji, aliyesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa anaijua hali hii. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na hapo abiria hata mchovu hasinzii. Pengine atatokea tembo, pengine twiga, pengine nyasi tupu. Kinachomweka macho ni kutojua.

Matangazo ya mubashara kwenye simu hutushika vivyo hivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika karne iliyopita kwamba malipo yasiyotabirika humfanya kiumbe aendelee na jambo kwa muda mrefu. Mtazamaji anaogopa kwamba akizima tu, ndipo jambo kubwa litatokea.

Sababu ya pili ni kutajwa jina. Watu wazima wa Kilosa na Mikumi wanazikumbuka kadi za salamu zilizosomwa Radio Tanzania, mtu akatega sikio asubiri jina lake. Leo mtangazaji wa TikTok anakutaja papo hapo, hasa ukituma zawadi. Zawadi hizo hununuliwa kwa fedha halisi, na kampuni huchukua fungu lake. Tangu mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl waliueleza urafiki huu wa upande mmoja: mtazamaji anajiona mwandani wa mtangazaji, na mtangazaji hamjui.

Je, tuitupe simu? Hapana. Simu hiyo hiyo hutuletea Tarawehe kutoka Makka na darsa za masheikh walio mbali. Lakini Allah (SW) ameapa kwa zama katika Surat Al-Asr, na kijana aliyekesha hadi saa nane za usiku akikodolea macho mabishano ya watu, Alfajiri itampita.

Basi tufanye haya. Kwanza, kabla ya kufungua, panga saa ya kufunga. Basi la Mikumi hutoka hifadhini lenyewe. Mubashara haina mwisho mpaka wewe uizime. Pili, fedha ya matumizi ya nyumbani isigeuzwe zawadi ya mtandaoni.

Tatu, mzazi, mwite mwanao kwa jina, kaa naye, msikilize. Huenda anakesha huko kwa sababu ni huko tu anakoitwa.

Wabillahi tawfiq.