SOMO: MGENI ALIYEFIKA KATIKA MJI WETU

Masomo ya kusoma nyumbani mbele ya kukutana: Ruta sura 1 hadi 4, Kumbukumbu ya Torati 10:17-19, Yeremia 29:4-7, Matendo 6:1-7, Matayo 25:31-46.

Kusudi la somo: Kila kikundi cha sala kijue namna ya kumpokea mtu aliyefika mpya Kolwezi, si kwa maneno tu, lakini kwa matendo yanayoonekana.



Tunaanza na ushuhuda wa aibu yetu wenyewe. Siku moja ya Mungu mama mmoja aliingia katika ibada yetu, akakaa kwenye benchi ya nyuma pamoja na watoto wawili. Tulimsalimu. Siku ya Mungu ya pili tukamsalimu tena. Ya tatu vilevile. Ya nne hakuonekana. Ndipo ndugu mmoja akaja kutuambia kwamba mama yule alikuwa analala na watoto katika nyumba isiyokwisha kujengwa, mwendo wa dakika tano toka kanisa, na kwamba mtoto mdogo alikuwa na homa tangu siku ile ya kwanza. Kwa majuma matatu tulimwimbia nyimbo nzuri, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: Mama, unalala wapi?

Wamama walikwenda mbio, wakampeleka mtoto hospitali, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini neno alilosema mama yule halijatoka katika masikio yetu. Alisema: «Njaa nilikuwa nimeizoea tangu njiani. Kilichoniumiza ni kukaa kati ya watu mia moja na hakuna aliyejua jina langu.»

I. MJI HUU ULIJENGWA NA WATU WALIOFIKA

Nchi hii ina wenyeji wake, na tuwape heshima yao: Wasanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe na wengine ambao mababu zao walizikwa hapa mbele ya kampani yoyote kufika. Lakini mji wenyewe, pamoja na makambi yake, ulijengwa na mikono iliyotoka pande nyingi.

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uleule ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake ni kutafuta watumikaji katika vijiji vya mbali. Mwaka 1928 reli ikaunganisha Bukama na Port-Francqui, inayoitwa sasa Ilebo, ikapita katikati ya Kasai. Mwaka 1931 ikakwisha ile ya Tenke hadi Dilolo, inayopita hapa kwetu Kolwezi. Watu wakaja toka Kasai, toka Rhodesia ya Kaskazini ambayo ni Zambia ya leo, toka Ruanda na Urundi. Miaka ya kwanza wengi walikufa kambini juu ya magonjwa, wengine wakakimbia kurudi kwao. Basi Union Minière ikaona faida ya kuandika watu kwa mikataba ya miaka mitatu, na kuwaacha waje na mabibi na watoto. Wakapewa nyumba, posho, hospitali na shule. Wamama wakafundishwa kushona na kupika katika foyer social.

Je, kampani ilifanya hivi kwa upendo? Hapana. Ilihitaji mikono yenye nguvu, na mtu aliyekosa kazi alitoka pia katika nyumba. Lakini wazee wetu wanakumbuka jambo moja: aliyefika alionyeshwa mlango wake siku ileile. Baada ya serikali kutwaa migodi mwaka 1967, Gécamines iliendelea na desturi ile.

Kiisha mambo yakageuka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikakosa, posho ikakosa, na ule mkono uliopokea wageni ukakatika.

Leo watu wanafika tena, tena wengi. Wengine wanatafuta kuchimba kobalti na shaba. Wengine wanafuata kazi za mji, kwa sababu tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Wengine walikimbia vita vya Kasai vya miaka ya 2016 na 2017, vilivyotoa zaidi ya watu milioni moja katika makao yao. Wanashuka na mizigo yao, na hakuna kambi inayowangojea. Ni nani atakayewaonyesha mlango?

II. DHAMBI TUSIYOWEZA KUIFICHA

Haifai kufundisha somo hili na kunyamaza juu ya miaka ya 1992 na 1993. Mwezi wa 8 mwaka 1992, Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri wa kwanza katika Conférence Nationale kule Kinshasa, watu wenye asili ya Kasai walianza kushambuliwa Likasi. Mwaka 1993 moto ule ukafika Kolwezi. Waliitwa «bilulu», ndiyo kusema wadudu. Walifukuzwa kazini na nyumbani, wakalala karibu na vituo vya treni majuma na miezi, na wazee na watoto wakafa pale wakingojea gari la kwenda Mwene-Ditu na mbele. Wengi walizaliwa hapa Katanga na hawakuwa wameona Kasai hata siku moja. Walifukuzwa hapa kama wageni, wakafika kule wakiwa wageni tena.

Kati ya waliotupa mawe na kati ya waliotupiwa, walikuwako watu waliobatizwa. Walikuwako pia majirani walioficha majirani wao chini ya kitanda. Mungu anawajua wote.

Tuseme ukweli wote. Wenyeji walikuwa na malalamiko: waliona mtu aliyetoka mbali anapata kazi na cheo, wakati mtoto wa nchi anabaki mlangoni. Malalamiko hayo yastahili kusikilizwa mbele ya wakubwa na mbele ya sheria. Lakini hakuna lalamiko linalompa mtu ruhusa ya kumwita mtoto wa jirani mdudu. Anayeanza kwa jina baya atamaliza kwa jiwe.

Tukumbuke vilevile kwamba Nabii Simon Kimbangu aliletwa katika Katanga hii akiwa mgeni aliyefungwa. Alihukumiwa mwaka 1921, akatolewa mbali na Nkamba, akakaa katika gereza la Elisabethville miaka 30, mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Wafuasi wake wengi walihamishwa na serikali ya wakoloni kwenye majimbo ya mbali, wakafika mahali wasipokuwa na shamba wala jamaa. Basi kanisa lililozaliwa na manabii wa Afrika likimdharau mgeni, linawadharau wazazi wake wenyewe.

III. MAMBO SITA ALIYOFANYA BOAZI

Ruta alikuwa Mmoabu. Kwa Waisraeli jina hilo lilikuwa jina baya. Soma Kumbukumbu ya Torati 23:3. Alikuwa mjane, maskini, na mkwe wake alikuwa amezeeka. Tuangalie polepole yale Boazi aliyomtendea.

1. Aliuliza habari zake (Ruta 2:5). Boazi alimwona shambani na hakupita kimya. Vivyo hivyo, kila kikundi cha sala kiwe na buku moja. Mwandikaji amwendee mgeni siku ileile baada ya ibada, amuulize kwa heshima: Jina lako ni nani? Umetoka wapi? Unalala wapi? Kuna mgonjwa? Yatosha dakika kumi.

2. Alimwonyesha mahali pazuri pa kutumika (2:8). Mgeni hajui mtaa gani una maji na mtaa gani una wezi. Hajui kwamba sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inamkataza mwenye nyumba kuomba garanti inayopita miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, na kwamba mapatano yanapaswa kuandikwa. Ndugu anayejua mji aende naye kutazama nyumba. Juu ya machimbo vilevile: mgeni aambiwe kwamba mtoto mwenye miaka chini ya 18 amekatazwa na sheria kuchimba, na kwamba mchimbaji wa mikono anatakiwa kuwa na karte yake na kutumika mahali palipokubaliwa. Asiingie katika shimo juu ya kuona wengine wanaingia.

3. Alikataza vijana wasimguse (2:9). Boazi alijua hatari ya mwanamke asiye na jamaa. Hapa kwetu, binti aliyefika peke yake na mama anayeosha mawe ya madini wanapatwa na watu wabaya upesi. Binti asipewe makao kwa baba anayekaa peke yake, hata kama ni mwenye kusali sana. Wamama wa kanisa ndio wamchukue.

4. Alimpa maji na kumketisha mezani (2:9, 14). Boazi hakumpelekea Ruta chakula nje. Alimwita aje karibu. Mgeni akipewa unga aende kupika peke yake, amesaidiwa. Lakini akiketi kula bukari pamoja na nyumba yako, amepokelewa.

5. Aliagiza masuke yaangushwe kwa kusudi (2:15-16). Hapa ndipo penye hekima kubwa. Ruta aliokota kwa jasho lake, hakuombaomba, wala hakuhaibishwa. Basi tusimfanye mgeni kuwa mwombaji wa kila siku ya Mungu. Tumpe mtaji mdogo wa kuuza makala au unga, tumwingize katika likelemba ya wamama, tumnunulie kwanza sisi wenyewe.

6. Alikwenda kwenye mlango wa mji (4:1-11). Mlangoni ndipo wazee waliketi, na mambo yalithibitishwa mbele ya mashahidi. Mlango wa mji wetu ni biro ya karte na ya komine, ikiwa Dilala au Manika. Tusimwache mgeni aende peke yake. Tumpeleke kwa shefu wa karte ajulikane. Tumkumbushe kwamba kuandikisha mtoto aliyezaliwa ni bure ikiwa siku 90 hazijapita. Watoto wapelekwe shuleni na karatasi za pointi za shule waliyotoka. Ikiwa zilipotea njiani, mtu mzima wa kanisa aende kuongea na mkubwa wa shule. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba masomo ya msingi katika shule zake ni bure. Kuna pia biro ya Affaires Sociales, kuna Caritas ya wandugu Wakatoliki, na kuna Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi yao Kolwezi mwaka 2012 kwa kusaidia watoto na wanawake wa machimboni. Tusione haya kugonga milango hiyo. Msamaria mwenyewe alimpeleka mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni.

Na mwisho ulikuwa nini? Katika Matayo 1:5 jina la Ruta limeandikwa katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Kama Boazi angepita kimya shambani!

IV. WAJIBU WA MGENI

Mgeni naye ana agizo lake. Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande mashamba, waoze watoto, na waombee mji waliomo, kwa maana amani ya mji ndiyo amani yao. Kwa hiyo wewe uliyefika, heshimu wenyeji na wazee wa nchi. Jifunze namna ya kusalimu. Usikusanyike na watu wa kabila lako peke yao, wala usiseme «kwetu ni bora» kila siku. Lipa deni lako. Na ukisimama, umsimamishe mwingine. Ruta alimpelekea Naomi chakula kilichobaki siku ileile ya kwanza.

V. NANI ATAFANYA KAZI HII?

Katika kanisa la Yerusalema wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawanyaji wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba wajane wale wanapenda kulalamika. Walikusanya kanisa lote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema. Angalieni majina ya wale saba: yote ni ya Kigiriki. Kazi ilitiwa mikononi mwa watu wa upande uliosahauliwa.

Basi tunaomba kila kikundi cha sala kichague watu watatu kwa kazi ya kupokea wageni: mama mmoja anayejua nyumba za mtaa, baba mmoja anayejua njia za biro, na mmoja ambaye yeye mwenyewe alifika mpya si zamani. Sanduku lao liwe na hesabu iliyoandikwa na kusomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, ili feza isilete maneno.

Mama yule wa benchi ya nyuma ni mmoja wa watatu katika kikundi chetu. Ibada ikikwisha, yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni na buku mkononi.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Jamaa yako ilifika Kolwezi mwaka gani, ikitoka wapi? Nani aliwapokea? Ikiwa ninyi ni wenyeji, nani alipokelewa na wazee wenu?
2. Kuna jina baya gani tunalowaita watu wa kabila lingine nyumbani, watoto wakisikia? Tutaliacha namna gani?
3. Kati ya mambo sita ya Boazi, ni lipi kikundi chetu kinafanya, na ni lipi hakifanyi kabisa?
4. Kumbukumbu ya Torati 10:19 inawakumbusha Waisraeli habari gani za Misri? Kwa nini Mungu hakutaka waisahau?
5. Wakati huu, ni nani anayeketi kwenye benchi ya nyuma ambaye hatujui jina lake?

Ulizo la tano lisijibiwe kwa maneno. Mmaliza sala, kisha mgeuke nyuma.

Bwana atusaidie. Amina.