Kabla Wakala Hajafuta: Namna ya Kuandika Maelekezo ya Zana ya Kufuta Kumbukumbu za Ujenzi

Fundi anayeijua kazi yake habomoi ukuta kabla hajaangalia juu yake kumelala nini. Akikuta boriti imeegemea hapo, husimamisha mirunda kwanza, ndipo nyundo ifuate. Kumbukumbu za ujenzi nazo zimeegemeana hivyo hivyo. Ukifuta ripoti ya siku moja, huenda umeondoa mahudhurio ya vibarua, picha za msingi kabla haujafukiwa na uthibitisho wa malipo ya fundi.

Makala haya ni kwa makandarasi, wahandisi na vijana wanaoandika programu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Yanaeleza namna ya kuandika maelekezo ya zana ya kufuta, pale programu ya ujenzi inapokabidhiwa kwa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida, ikachagua zana na kutenda yenyewe.

Kwa nini kumbukumbu zilindwe

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba na shule. Jengo likipasuka, maswali ni yale yale: nondo zilikuwa za milimita ngapi, zege lilichanganywa kwa uwiano gani, nani alikagua? Majibu yako kwenye kumbukumbu za kazi. Vilevile, shule inayojenga darasa kwa force account, yaani kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe badala ya kumpa kazi mkandarasi, huwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mkaguzi akifika, kinachozitetea kamati hizo ni hati zao.

Funzo kutoka Marekani

Julai 2025, mfanyabiashara Jason Lemkin alikuwa akijaribu wakala wa kampuni ya Replit. Wakala huyo alifuta kanzidata iliyokuwa ikitumika, yenye taarifa za viongozi zaidi ya 1,200 wa kampuni, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Kisha akadai kwamba taarifa hizo haziwezi kurudi, na baadaye zikarudishwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi na kutangaza kwamba kanzidata za majaribio zitatenganishwa na zile za kazi. Mafunzo ni mawili: katazo la maneno pekee halimzuii wakala, na kauli yake kuhusu kilichopotea isiaminiwe bila kuhakikishwa.

Mambo sita ya kuandika

1. *Kinachofutwa na kinachofuata nacho.* Usiandike tu "hufuta ripoti". Taja kama picha, mahudhurio na hati za mapokezi zilizoambatishwa zinakwenda pamoja nayo, na taja pia visivyoguswa.

2. *Kama kinarudi.* Andika kinakaa wapi baada ya kufutwa, kwa siku ngapi, na nani anaweza kukirudisha. Kama hakirudi, sema hivyo katika sentensi ya kwanza.

3. *Namba badala ya jina.* Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi 2012, kwa hiyo mafaili ya zamani ya miradi yake yanaweza kubeba jina la Karagwe. Shule ya msingi, sekondari na zahanati nazo huweza kuitwa kwa jina moja la kata. Zana ipokee namba ya mradi na namba ya kumbukumbu. Jina litumike kuhakiki tu.

4. *Agizo likirudiwa.* Mtandao ukikatika katikati ya kazi, wakala hajui kama agizo lilifika, hivyo hulituma tena. Zana inayofuta "mstari wa tatu" itafuta mstari mwingine safari ya pili, kwa sababu wa nne sasa umekuwa wa tatu. Andika kwamba agizo likirudiwa, jibu ni "tayari imefutwa", na hakuna kingine kinachoguswa.

5. *Maneno yasiyo ruhusa ya kufuta.* Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu wake. Mtunza stoo akiandika "toa mifuko 40 ya saruji", anataka itolewe stoo. Msimamizi akisema "toa ripoti ya Jumatatu", anataka kuisoma. Mwingine kwa neno hilo hilo anamaanisha iondolewe. "Safisha", "panga", "punguza" na "funga mradi" nayo yana utata wake. Yaorodheshe, na uagize kwamba wakala akisikia mojawapo aulize kwanza.

6. *Nani anakubali, na vipi.* Wakala ataje mradi, tarehe na idadi ya viambatisho, kisha angoje jibu la mtu mwenye mamlaka.

Mfano wa maelekezo

Maelekezo mabaya: "Hufuta ripoti ya mradi."

Maelekezo mazuri: "Huhamishia kapuni ripoti MOJA ya siku, pamoja na picha na mahudhurio yake. Haigusi BOQ (orodha ya vipimo na gharama) wala hati za malipo. Ripoti hukaa kapuni siku 30, kisha hairudi kamwe. Tumia tu mtumiaji anapotaka wazi ripoti ifutwe. Kwanza isome, mtajie jina la mradi, tarehe na idadi ya viambatisho, ungoje akubali. Ikiwa ripoti zinazolingana ni zaidi ya moja, usichague, uliza. Usiitumie kwa mradi ambao kipindi chake cha uangalizi wa kasoro hakijaisha."

Weka na kufuli

Maelekezo ni kibao cha "hatari". Mlango nao unahitaji komeo. Itifaki ya MCP, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024 kwa ajili ya kuunganisha akili mnemba na zana, ina alama ya kuonyesha kwamba zana inaweza kuharibu. Iweke, lakini maelezo ya itifaki yenyewe yanasema alama hizo ni dokezo tu. Kwa hiyo programu yenyewe ikatae kufuta bila idhini ya mtu, ikatae kufuta kwa mkupuo, iandike nani alifuta nini na saa ngapi, na imnyime wakala uwezo wa kumwaga kapu. Nakala ya akiba ikae mahali ambapo wakala hafiki, na mara kwa mara jaribu kuirudisha. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina uhakika.

Sheria nazo zipo

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inataka nyaraka za umma ziteketezwe kwa utaratibu, si kwa hiari ya mtu, na kumbukumbu za ujenzi wa darasa la shule ya serikali ni nyaraka za umma. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweza kukudai ufute taarifa za kibarua zisizohitajika tena. Zana ya kufuta ina kazi yake halali, iandikiwe mipaka.

Kabla hujamruhusu wakala kuigusa, mpe mtunza stoo au mwalimu wa kamati ya mapokezi maelekezo hayo ayasome. Muulize: hapa kinafutwa nini, na kitarudi? Akisitasita, usiiwashe zana hiyo. Rudi ukaandike upya.