Ni nini au ni nani? Kibao cha Ota Benga katika somo la tafsiri

Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, hasa baada ya 1870, kulikuwa na majumba ya maonyesho ambayo mtu aliingia kwa dime moja, sarafu ya senti 10. Yaliitwa makumbusho. Juu ya majukwaa waliketi watu: warefu mno, wafupi mno, wanawake wenye ndevu, watu waliosemekana kutoka Afrika. Mtangazaji, ambaye mara nyingi aliitwa profesa, aliongoza umati kutoka jukwaa hadi jukwaa akisimulia maisha ya kila mmoja. Msimuliwa alikaa kimya, au aliuza picha yake.

Kilichouzwa hasa, kwa maoni yangu, ni maneno ya profesa. Mwaka 1860 P. T. Barnum, mwenye makumbusho makubwa New York, alimwonyesha mtu mweusi kwa jina la What Is It?, yaani "Ni nini?". Matangazo yalidai amekamatwa karibu na mto Gambia, hadithi ya kutungwa tu. Kiingereza, kama Kiswahili, kina "nani" yake, Barnum hakuitumia.

Mkongo Ota Benga alikutana na biashara hiyo ilipokuwa imehamia kwenye maonyesho makubwa. Samuel Phillips Verner, aliyekuwa mmisionari, alimpeleka St. Louis mwaka 1904. Huko watu walitaka kuona meno yake yaliyochongwa, naye akajifunza haraka: akatoza senti 5 kwa kila mtazamaji. Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mbele yake kilitundikwa kibao.

Kibao hicho tulikitafsiri katika semina yetu. Jina lake limetiwa alama za mtajo, kana kwamba ni la kudaiwa tu. Yanafuata umri, miaka 23. Kimo, karibu sentimita 150. Uzito, karibu kilo 47. Kisha vitenzi viwili vya kutendwa visivyo na kiima: ameletwa kutoka mto Kasai na Dr. Verner, anaonyeshwa kila alasiri mwezi wa Septemba.

Lakini nimekosea tayari. Kiingereza kimeacha kiima wazi, nami nimeandika a-. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "kimeletwa", nikidhani ki- ndiyo nia ya kibao. Mwenzangu alikataa: kibao hakisemi kwamba huyu ni kitu, kinamwachia msomaji aseme mwenyewe. Ukiandika ki-, unafichua kilichofichwa. Ukiandika a-, unampa heshima aliyonyimwa. Hata Kiswahili chetu cha Katanga, kilichopunguza ngeli nyingi, bado kinashika a- na ba- kwa watu: alifika, balifika. Hatukuwa na pa kujificha.

Mwishowe tuliondoa vitenzi vyote. Kutoka: mto Kasai. Mleta: Dr. Verner. Maonyesho: kila alasiri. Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza; ilisomeka kama karatasi ya gunia la madini.

Wachungaji weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James H. Gordon, ndio waliopinga, na kabla ya mwisho wa mwezi Ota Benga alitolewa Bronx, akapelekwa kwenye kituo cha yatima Brooklyn. Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia. Meno yalifunikwa, akasoma Kiingereza, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku, na watu wakamwita Otto Bingo. Alitamani kurudi Kongo. Machi 1916 alijipiga risasi.

Tangu semina hiyo nasoma kwa jicho jingine maelezo ya picha za creuseurs wetu wa Kolwezi, zinazozunguka dunia kwa sababu ya kobalti. Mara nyingi naona umri, saa za kazi, kilo za gunia, na jina la mpiga picha. Wakati mwingine jina la mchimbaji hufichwa ili kumlinda, najua, na ni sawa. Lakini "alishuka", "alisema", "alikataa" havimhatarishi mtu. Nimemwomba mwalimu atupe moja ya maelezo hayo kama zoezi linalofuata, na kwamba safari hii tuanze na kiima.