Msikilizaji Naye Ana Kazi

Bibi atakapo kutoa hadithi jioni, haanzi kusimulia mara moja. Kwanza huita, "Paukwa!" Nao watoto huitika, "Pakawa!" Wasipoitika, hunyamaza. Maana hadithi si kazi ya msimulizi peke yake. Aitikaye ni mwenzake. Na mtoto aliye macho huyashika maneno kuliko yule aketiye kimya kama gunia la mtama.

Je, desturi hii yafaa kufundishia mambo makubwa? Yafaa sana. Augusto Boal (1931–2009), mtunzi wa michezo wa Brazil, alikwenda Peru mwaka 1973 kusaidia kazi ya kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Huko alianza mchezo wa namna mpya. Waigizaji huonyesha taabu fulani mpaka mwisho wake mbaya. Kisha huanza tena, na safari hii mtazamaji ye yote ana ruhusa kusema, "Ngojeni!" Huinuka, hushika mahali pa yule anayeonewa, akajaribu njia nyingine. Lakini mdhalimu wa mchezo hamwachii. Humpinga kwa nguvu zote. Njia ikishindwa, mwingine huinuka. Hivyo watu hujifunza kwamba shauri jema halitoshi, sharti lijaribiwe.

Katika Tanzania, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, walianza mwaka 1996 kazi iitwayo Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wengi walikuwa wakirudi nyuma katika masomo, nao waliogopa kutaja yaliyowazuia: kazi nyingi za nyumbani, dharau darasani, usumbufu wa wanaume, na mimba zilizowakatiza masomo. Basi waliulizwa wao wenyewe: Ni nini kiwazuiacho? Wakatafuta asili ya kila jambo, wakatunga mchezo wenye nyimbo na ngoma, wakauonyesha mbele ya wenzao na walimu. Mchezo ulipokwisha, kazi haikwisha. Wote walijadiliana juu ya la kufanya. Baadaye kazi hiyo ilienea hata nchi nyingine za Afrika.

Kwa nini mchezo, wala si hotuba? Kwa sababu msichana aonaye haya kusema, "Nimeonewa," huweza kuyasema maneno yayo hayo kwa kinywa cha mtu wa mchezo. Na mkubwa ambaye angekasirika akilaumiwa uso kwa uso, huketi akatazama, akajiona kama katika kioo. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mchezo huyafunua maradhi mapema, yangali na dawa.

Nanyi jaribuni darasani. Mmoja awe mtoto achelewaye kila siku kwa sababu hutumwa maji mbali. Mwingine awe mama, mwingine mwalimu. Chezeni mpaka mtoto aadhibiwe. Kisha rudieni, na mtazamaji aingie mahali pa mtoto. Atamwambia nini mama? Atamwambia nini mwalimu? Msimcheke akishindwa, bali mfuateni kwa shauri lililo bora.

Maswali
1. Kwa nini bibi hunyamaza asipoitikiwa?
2. Katika mchezo wa Boal, mtazamaji hufanya nini?
3. Wasichana wa Tuseme walifanya nini kabla ya kutunga mchezo?
4. Taja taabu moja ya shuleni ifaayo kuonyeshwa kwa mchezo, na njia mbili za kuiondoa.