Kuweka Linux Katika Kompyuta ya Mama

Kompyuta ya mapajani ya mama yangu, hapa Chang'ombe, ilikuwa imechoka. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 4 tu. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 haikuikubali mashine hiyo. Nikaazimia kuweka Linux, mfumo alioanza kuutoa Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, nao hautozwi hata senti. Nilichagua Linux Mint ya aina ya Xfce kwa kuwa ni nyepesi.

Jambo la kwanza, msiiweke upesi. Linux huweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kugusa diski ya ndani, nanyi mkapima sauti, mwanga na Wi-Fi. Kwangu Wi-Fi ilikataa. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikairuhusu igawe intaneti, na kompyuta ikaipokea mara moja. Ndipo nikaweza kupakua programu ya kuendesha Wi-Fi iliyokosekana.

Sasa nisikieni vema. Katika kompyuta ile mlikuwamo hesabu za ushonaji wa mama za miaka 3: nani amelipa, nani bado anadaiwa. Nilizinakili katika diski ya nje, na mstari ulipofika mwisho nikaichomoa. Mama akauliza, "Baba, hesabu zangu zi salama?" Nikajibu, "Zi salama, mama," wala sikuwa nimezitazama.

Moyo haukutulia. Nikaichomeka tena, nikafungua faili la mwisho, halikufunguka. Kumbe Linux huweza kusema imemaliza kunakili hali sehemu ya kazi ingali katika kumbukumbu, haijafika diskini. Yapasa kwanza kubonyeza alama ya kuitoa diski na kungoja ruhusa, au kuandika amri ya sync na kusubiri imalize. Kwa bahati nilikuwa bado sijafuta kitu. Nikanakili upya, nikafungua kila faili, moja moja, mpaka usiku.

Tena, kabla ya kuanza kuiweka, ondoeni diski ya nje kabisa. Majina sda na sdb hubadilika kwa kadiri vitu vilivyochomekwa, na mkikosea jina mtafuta nakala yenyewe. Amri ya lsblk huonyesha ukubwa wa kila diski.

Wenzangu watakaoacha Windows na Linux pamoja wataona saa ikipotea kwa saa 3. Si ugonjwa: Linux huiweka saa ya mashine katika majira ya Greenwich, Windows katika majira yetu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.

Mama sasa huandika hesabu zake katika LibreOffice. Lalamiko lake ni moja tu: mchezo wa karata aliouzoea haumo.