Mahindi Yako Yataoza Ghalani? Uliza Chumvi

Mkulima, mahindi yanayooza ghalani mara nyingi yaliingia na maji. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Basi pima mahindi yako kabla ya kuyatia ghalani.

Twaa chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi yaliyopukuchuliwa, mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika chache, uiache robo saa. Chumvi ikishika kioo, maji yamezidi 15 kwa mia: yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo, kisha yapime upya. Isiposhika, bado yaongezee jua kidogo, kwa maana mahindi ya kuweka yasizidi 13.5 kwa mia.

Pima kutoka kila gunia. Mahindi ya chupani usiwape kuku; chumvi itawadhuru.